Baze ya AVEC imekataa kufunguka: cha kufanya kabla ya kuita fundi

Mfano ni huu, na wakaaji wengi wa Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia wataona unafanana na jambo la kwao. Zinabaki juma mbili AVEC igawe feza. Mama mweka hazina anawasha kompyuta ya nyumbani, ile ambayo kijana wake anasomea, ili kutayarisha orodha ya mgao: nani alinunua hisa ngapi, nani bado ana deni. Jana magaribi umeme ulikatika wakati kijana alikuwa anaingiza michango ya juma. Sasa mama anabonyeza faili, na kompyuta inajibu kwa Kifaransa kwamba haitambui muundo wa faili ile. Anajaribu tena. Jibu ni lile lile. Kabla ya saa sita ya mchana habari imekwisha kutembea: «Baze imekufa.» Na katika kartie, kutoka «baze imekufa» mpaka «mama amekula feza», njia si ndefu.

Mara nyingi baze haijakufa. Feza ziko ndani ya kisanduku, na hata data zenyewe, kwa sehemu kubwa, bado ziko ndani ya diski. Kinachoziua ni yale mambo watu wanafanya katika saa ya kwanza: kufungua na kufungua tena, kubonyeza «Oui» kwa kila swali la kompyuta, kupeleka mashine kwa kijana wa kwanza anayejua kufomati.

Baze, ao hifadhidata kwa Kiswahili cha vitabu, haifanani na barua iliyoandikwa ndani ya Word. Barua inaandikwa kwenye diski wakati mtu anaihifadhi; umeme ukikatika, anapoteza ukurasa mmoja ao mbili, basi. Baze ya Access inaandika ndani ya faili kila mara mtu anapomaliza mstari mmoja na kuingia mwingine. Hakuna kungojea. Ndiyo sababu watu wanaipenda, na ndiyo sababu umeme ukikatika pale pale, ukurasa mmoja unaweza kubaki nusu mpya, nusu wa zamani. Tangu Access 2000, faili hiyo imegawanyika katika kurasa ndogo za baiti 4096 kila moja. Ukurasa wa kwanza unasema «mimi ni baze ya Access». Kuna kurasa zingine zinazosema majedwali ni yapi na yako wapi. Zinazobaki ndizo zinabeba majina na michango. Ukurasa wa kwanza ukiharibika, Access inakataa faili nzima, hata kama michango yote iko salama nyuma yake. Ni sawa na mlinzi wa depo aliyepoteza funguo: mchele uko ndani, lakini hakuna anayeingia.

Jambo la kwanza, basi, ni kufunga Access na kutoa kopi. Faili iliyoumia inakopiwa kwenye flashi ao diski ya nje, kopi mbili ikiwezekana, na ile ya mwanzo haiguswi tena. Majaribio yote yanafanyika kwenye kopi. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu wanaona kukopi kitu kilichoharibika hakuna maana. Kumbe maana iko: kila dawa itakayojaribiwa inaweza kuharibu zaidi, na bila kopi hakuna nafasi ya kurudi nyuma.

Halafu mtu anatazama kando ya faili. Access inapofunguliwa inaunda faili ndogo yenye jina lile lile, lakini mwisho wake ni .laccdb, ao .ldb kwa baze za zamani zinazoishia na .mdb. Kazi yake ni kuonyesha nani yuko ndani. Mtu akifunga vizuri, faili ndogo inapotea yenyewe. Umeme ukikatika, saa ingine inabaki pale, na Access inaendelea kuamini kwamba kuna mtu anatumia baze. Ikiwa kwa kweli hakuna mashine nyingine inayoifungua, faili hiyo ndogo inaweza kufutwa bila hofu, maana haibebi mchango wa mtu. Kuna siku ugonjwa wote ulikuwa huo tu.

Hapa ndipo inafaa kutenganisha magonjwa mawili ambayo watu wanayachanganya, kwa sababu dawa ya moja ni sumu ya lingine.

Ugonjwa wa kwanza ni baze iliyovunjika: haifunguki, ao inafunguka lakini ndani ya mistari fulani kunaonekana herufi za ajabu zinazofanana na Kichina. Ugonjwa wa pili ni mistari iliyofutwa: baze inafunguka vizuri kabisa, lakini mtu alichagua mistari 40 badala ya 4, akabonyeza «Supprimer», akakubali. Kwa ugonjwa wa kwanza, Access yenyewe ina chombo kinachoitwa «Compacter et réparer». Mafundi wengi wanakimbilia pale moja kwa moja. Chombo hicho hakishoni faili ya zamani; kinajenga faili mpya, kinahamisha ndani yake kila kitu kinachoonekana bado ni hai, kisha kinaweka faili mpya mahali pa ile ya zamani. Mstari uliofutwa haujatoka kwenye faili siku ya kufutwa. Umewekwa tu alama kwamba nafasi yake iko huru, na maneno yake yanaweza kubaki pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu. Fundi mwenye programu ya kusoma kurasa hizo anaweza kuokota baadhi ya mistari. Lakini baze ikishapita katika «Compacter et réparer», mistari ile haihamishwi, na hakuna tena cha kuokota. Mtu aliyefuta kwa makosa, kisha akajaribu «kurekebisha», amezika mwenyewe kile alichokuwa anatafuta.

Tena kuna mtego mdogo. Access ina mpangilio unaoiruhusu kufanya kazi hiyo yenyewe kila mara baze inapofungwa. Ikiwa mpangilio huo umewashwa, kufunga tu kunatosha kupoteza mistari iliyofutwa. Kwa hiyo mtu akitambua kosa lake wakati baze bado iko wazi, afadhali atoe kwanza kopi ya faili jinsi ilivyo, kabla ya kufunga.

Ikiwa ugonjwa ni ule wa kwanza, «Compacter et réparer» kwenye kopi ni jaribio zuri. Kisha, kama baze imefunguka, lazima kutazama kama kuna jedwali jipya linaloitwa MSysCompactErrors. Access inaliunda ili kuandika kile ilichoshindwa kuhamisha. Watu wanafurahi kuona baze imefunguka, hawalitazami, na baada ya juma tatu mama mmoja anauliza: «Mbona mimi siko kwa liste?»

Ikikataa, kuna njia ya pili, na mara nyingi ndiyo inayofaulu: kuunda baze mpya iliyo tupu, kisha kupitia sehemu ya «Données externes» kuita majedwali kutoka kopi iliyoumia, moja baada ya lingine. Moja baada ya lingine, si yote kwa pamoja, maana jedwali moja bovu linaweza kuzuia mengine yote. Kwa kawaida jedwali lililovunjika ni lile lililokuwa linaandikwa wakati umeme ulikatika, yaani michango. Majina ya wanamemba na mikopo yanakuja bila shida. Na hata lile bovu si la kutupa. Mtu anaweza kuomba Access imletee michango ya Januari mpaka Machi, halafu ya Aprili, halafu ya Mei, mpaka afikie mahali inapokwama. Anaruka siku ile, anaendelea na zile zinazofuata. Hivyo mwaka mzima unarudi, isipokuwa shimo la juma moja. Shimo la juma moja linazibika.

Kosa moja hapa linastahili kusemwa polepole, kwa sababu halionekani kwa macho. Ndani ya baze, michango haijaandikwa kwa majina. Imeandikwa kwa namba. Jedwali moja linasema memba namba 17 ni nani. Jedwali lingine linasema namba 17 alinunua hisa tatu. Kwa kawaida namba hiyo inatolewa na Access yenyewe, kile ambacho kwenye skrini ya Kifaransa kinaitwa «NuméroAuto». Sasa tuseme orodha ya wanamemba imepotea, na kijana anaiandika upya kwa mkono, akifuata alfabeti ili iwe safi. Access inatoa namba mpya: wa kwanza ni 1, wa pili ni 2. Aliyekuwa 17 amekuwa 5. Michango ya zamani inaendelea kusema 17, na 17 sasa ni mtu mwingine. Jumla ya feza inabaki ile ile, hakuna kompyuta itakayopiga kelele, lakini hisa za mama mmoja zimehamia kwa jirani yake. Ndiyo maana namba za zamani lazima zirudishwe jinsi zilivyokuwa. Inawezekana: ombi la kuongeza mistari ndani ya jedwali linaweza kubeba namba zake lenyewe, na Access itazikubali. Fundi asiyejua jambo hilo hafai kuachiwa baze ya feza za watu.

Wengine hawana Access. Wanatumia Base, ile ya LibreOffice, kwa kuwa hailipishwi. Huko hatari iko mahali pengine. Katika muundo wake wa kawaida wa nyumbani, faili ya .odb ni kama mfuko uliofungwa, na kazi mpya haiingii vizuri ndani ya mfuko mpaka mtu ahifadhi na kufunga. Umeme ukikatika, inaweza kupotea kazi ya saa nyingi. Lakini mfuko wenyewe unafunguka kwa urahisi: kwenye kopi, mtu anabadilisha mwisho wa jina kutoka .odb kuwa .zip, anaufungua, na ndani anakuta folda inayoitwa «database» yenye faili «script» na «data». Ya kwanza inasomeka kwa programu yoyote ya maandishi, na inaeleza majedwali yalivyojengwa. Kwa fundi mwenye uvumilivu, huo ni mwanzo mzuri.

Inabaki hali mbaya kuliko zote: faili haipo kabisa. Kabla ya kulia, kuna mahali pa kutafuta. «Corbeille» kwanza. Halafu ile virusi ya flashi inayojulikana sana huku kwetu, inayogeuza folda zote kuwa raccourcis: mara nyingi haifuti kitu, inaficha tu, na amri ya attrib ndani ya Windows inarudisha faili zionekane. Halafu simu. Kama kijana aliwahi kutuma baze ao jedwali la Excel kwa mama presidenti kupitia WhatsApp, kopi inaweza kuwa bado ndani ya simu ya mmoja wao, kati ya dokima zilizopokelewa. Barua-pepe zilizotumwa pia. Kopi ya miezi miwili nyuma si kitu kidogo: ina majina, ina namba za wanamemba, na kazi inayobaki ni juma nane badala ya mwaka mzima.

Ikiwa faili ilifutwa kweli, ao diski ilifomatiwa, swali kubwa ni aina ya diski. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka haifuti maneno. Inafuta anwani tu. Ilimradi hakuna kitu kipya kimeandikwa juu yake, programu kama PhotoRec, ambayo ni ya bure, inaweza kupitia diski kipande kwa kipande na kutambua faili za Access kwa sura yake ya mwanzo. Inarudisha faili bila jina, kwa hiyo mtu anaweza kupewa mamia ya faili zenye namba tu, na kazi ya kutafuta inaanza. Diski mpya za SSD ni habari nyingine. Tangu Windows 7, kompyuta inaijulisha SSD kwamba sehemu fulani haihitajiki tena, na SSD yenyewe inaisafisha. Huko tumaini ni dogo, na fundi anayeahidi kurudisha vyote anauza maneno.

Kwa aina zote mbili, kompyuta inazimwa, haitumiwi tena kwa muziki wala intaneti. Programu ya kuokoa haiwekwi kwenye diski ile ile, na faili zilizookolewa haziandikwi pale. Na kama diski inapiga kelele ya tak, tak, tak, hakuna programu ya kujaribu tena: kila dakika inayozunguka inazidi kukwaruza. Kuiweka ndani ya frigo, kama wengine wanavyoshauri, ni kuiongezea maji.

Kwa fundi hapelekwi faili ya mwanzo. Anapelekewa kopi, ao kama ni diski yenyewe, mtu wa kikundi anakaa naye. Si kwa sababu mafundi ni wezi. Baze ya AVEC ina majina, namba za simu, na kiasi cha feza ambacho kila mama atabeba nyumbani siku ya mgao. Katika majimbo yetu, orodha ya namna hiyo ikitembea kutoka flashi mpaka flashi inaweza kuleta wageni usiku. Kazi ikiisha, kopi iliyobaki kwenye mashine ya fundi inafutwa mbele ya macho.

Sasa baze imerudi, ao sehemu yake. Bado haijawa ukweli. Mfumo wa AVEC, uliozaliwa Niger mwaka 1991, ulitengenezwa kwa watu wasio na kompyuta: kisanduku chenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na kila memba na kijitabu chake kinachopigwa muhuri mmoja kwa kila hisa. Kile kijitabu ambacho watoto wanachorea nyuma yake ndicho kopi bora ya baze, kwa sababu kiko katika nyumba ishirini na tano tofauti, na hakuna umeme unaoweza kukiharibu.

Hesabu inakwenda hivi. Tuseme hisa ni franga 2 000. Vijitabu vyote vinakusanywa katika mkutano, mihuri inahesabiwa kwa sauti, inapatikana 2 340. Hiyo ni franga 4 680 000 za hisa. Baze iliyookolewa inaonyesha hisa 2 316. Tofauti ni mihuri 24, yaani franga 48 000. Kabla ya mtu kumtazama mwingine kwa jicho baya, inafaa kuuliza mihuri hiyo ni ya juma gani. Ikiwa yote 24 ni ya juma lile umeme ulipokatika, shimo limepatikana na linajazwa kutoka vijitabu. Ikiwa imetawanyika, mbili hapa, tatu pale, katika miezi tofauti, basi kuna makosa ya kuandika yaliyokuwepo tangu zamani, na kompyuta haina hatia peke yake. Kisha jumla ya hisa, faida na faini, ukitoa mikopo ambayo bado iko nje, inalinganishwa na feza zilizo ndani ya kisanduku. Mfuko wa mshikamano unahesabiwa peke yake. Kazi hii inafanyika mbele ya wote, na mama mweka hazina anaketi katikati yao, si mbele kama mshitakiwa. Hata kama inachukua mchana mzima na mgao unasogezwa juma moja.

Kuhusu siku zijazo, maneno ni machache kwa sababu kazi ni ndogo. Kompyuta ya mezani bila onduleri haifai kuandikia baze. Laptop yenye batri nzuri inafaa. Baze haiandikwi moja kwa moja ndani ya flashi, maana flashi ikichomolewa ni sawa na umeme kukatika. Inaandikwa kwenye kompyuta, na baada ya kila mkutano inatolewa kopi yenye tarehe ndani ya jina, mara moja kwenye flashi ya mweka hazina, mara nyingine kwenye flashi ya mwandishi anayekaa kartie nyingine, zote zikiwa na neno la siri. Kopi mpya haifuti ya juma lililopita: baze ikivunjika bila mtu kutambua, kopi ya jana itakuwa imevunjika vilevile.

Na kwa kuwa Access haiko kwenye kila mashine, jedwali la michango linatolewa pia kwa muundo wa Excel. Mara moja kwa mwezi mtu anachukua flashi ya mwandishi, anaifungua kwenye kompyuta nyingine kabisa, na anasoma kwa sauti mistari mitatu: jina, tarehe, hisa. Wenye vijitabu hivyo vitatu wanatazama kama ni sawa.